Mpini wa Kaki: Siku Kumi za Dodoma na Kondoa

Msafiri atokaye pwani kwenda Dodoma kwa njia ya barabara hahitaji kusoma kibao ili ajue kuwa amekwisha kuingia nyanda za kati. Akishaipita Gairo hujikuta akilamba midomo. Jasho lililomshika shingoni tangu Kibaha hukauka, ngozi ya mikono hupauka, na mtoto aliyelala mapajani huamka akiomba maji. Hupita Kibaigwa na magunia yake ya mahindi, hupita Mbande panapochepuka njia ya Kongwa, kisha huanza kuviona vile vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, kana kwamba kuna mtu alikuwa akiyapanga akaitwa ghafula, akaiacha kazi. Mwezi wa Juni mibuyu imekwisha kupukutisha majani. Mvua za msimu zimekoma Aprili, na nyingine hazitarajiwi kabla ya Novemba au Desemba. Mji wenyewe umekaa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwaka mzima haupati mvua inayozidi sana milimita 500 au 600.

Tunaanza na ukavu huu kwa sababu ndio uliotuharibia jambo letu, na ndio uliotufundisha tunayoyaandika hapa.

Tulikwenda Dodoma mwanzoni mwa Mfunguo Tatu wa mwaka 1446, siku za mwisho za Mei 2025, ili tule Idd al-Adha pamoja na ndugu zetu wa Kondoa. Siku hizi wengi hupanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, nasi tunaisifu kama wanavyoisifu wote. Sisi tulichagua basi. Mizigo yetu ilikuwa mingi, na mmojawapo ulikuwa kisu kirefu cha kuchinjia, kitu tusichopenda kukipakata katikati ya watu.

Kisu hicho kilikuwa na habari yake. Baba Mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki, amekuwa akichinja mnyama wa familia kila Idd kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka uliotangulia, mpini wa kisu chake cha zamani ulimgeukia kiganjani wakati ule ule alipokuwa akikata. Ulikuwa mpini wa mti mwepesi, umelegea bila mtu kujua, na damu ilipoufikia ukawa kama samaki mkononi. Kisu kilimkata chini ya kidole gumba. Mbuzi aliteseka kwa muda ambao haukuwa mrefu, lakini kila aliyekuwapo aliuhesabu. Binamu yetu mmoja akakichukua kisu na kuimaliza kazi. Jeraha la mzee lilishonwa likapona. Kilichobaki ni maneno yaliyosemwa pembeni na vijana, kwamba mzee amechoka, mikono yake haina nguvu, mwakani achinje mwingine. Hakuna aliyemwambia. Yeye naye hakuwa na haja ya kuambiwa.

Ndiyo maana tulikuwa tumetafuta Dar es Salaam kisu kipya cha kumpelekea zawadi: chuma kizuri, bapa refu, mpini wa mabamba mawili ya mti yaliyoshikwa kwa ribiti tatu za shaba. Tulikikagua, tukakitikisa, tukakivuta. Kilikuwa imara kama kimezaliwa hivyo.

Siku ya nne tukiwa nyumbani kwa Baba Mkubwa, mtaa wa Chang'ombe, alikitoa kwenye ala ili akinoe mapema. (Tumefundishwa kutokinoa kisu mbele ya mnyama, naye hulishika hilo kiasi kwamba hunoa siku kadhaa kabla, mbali hata na banda la mbuzi wa jirani.) Akakishika, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa. Kilikuwa kinacheza. Bamba moja lilikuwa limeachana na chuma kwa upana wa ukucha, na kutoka kwenye ribiti ya katikati ulikuwa umetoka ufa mwembamba kama unywele.

Maseremala wataielewa sababu mara moja. Mti, hata ukatwe na kupasuliwa na kupigwa randa, hauachi kuvuta maji kutoka hewani na kuyatoa. Pwani, ambako hewa ni nzito, hujaa. Barani hewa ikikauka hunywea, na hunywea kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Chuma hakinywei. Basi mti unapojivuta na ribiti inakataa kusogea, lazima kimoja kishindwe, na anayeshindwa ni mti. Mpini ule ulitengenezwa kwa mti ambao haukukaushwa ukatosha, ukauzwa penye unyevu, ukapelekwa penye ukame. Siku nne zilitosha.

Tuliona aibu. Zawadi ya kumrudishia mzee heshima yake ilikuwa imepasuka kabla ya kazi.

Baba Mkubwa hakusema kitu. Aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kisu chake kidogo cha kukunja, akakiweka mezani kando ya kile kikubwa. Kisu hicho kila mtoto wa ukoo anakijua: ndicho kinachomenya machungwa, kinachokata kamba za magunia, kinachochongea penseli. Alikinunua Tabora alipokuwa kijana wa shirika la reli, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Bapa lake limenolewa hadi limekuwa jembamba kama jani la muhindi. Mpini wake una rangi ya halua iliyoungua kidogo, na hauna ufa, haujalegea, haujapinda.

"Hiki kina umri kuliko nyinyi nyote," akasema. "Kimekaa Kigoma, kimekaa Tanga, kimekaa hapa. Niambieni huu ni mti gani."

Tulisema mpingo mwekundu. Mwingine akasema pembe. Mama Mkubwa, kutoka jikoni, akasema ni mfupa. Wote tulikosea.

Kesho yake tulivichukua visu vyote viwili tukaenda upande wa Kizota, kwenye karakana za watengeneza bodi za magari, kwa fundi aliyesifiwa kwetu na imamu wa mtaa. Ni mtu wa makamo, mchache wa maneno. Alimwamkia mzee, akakipokea kile kidogo kwa mikono miwili, akakitazama ubavuni kwenye mwanga. Kisha akamwita mtoto wetu mkubwa aje aone. Pale ambapo mpini ulikuwa umelika kwa kushikwa miaka mingi, ilionekana mistari myembamba sana iliyopishana, mmoja wa giza na mmoja wa nuru, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Na juu yake, ukiinamisha macho, nyuzi. Nyuzi za kitambaa, za kwenda na za kupishana.

Aliomba ruhusa, akaipasha sindano moto hadi ikawa nyekundu, akaigusisha ndani ya mpini mahali pasipoonekana. Haikuzama. Plastiki ya kawaida ingeyeyuka, pembe ingenuka nywele zilizoungua. Hapa kilipanda kimoshi chembamba chenye harufu ambayo Baba Mkubwa aliitambua kabla ya fundi kusema neno. "Sabuni nyekundu ya hospitali," akasema. Naam, ndiyo. Ile dawa ya kaboliki iliyokuwa ikitiwa katika sabuni hizo ndiyo asili ya utomvu uliomo mpinini.

Tuseme kidogo juu ya kitu hiki, maana kimo katika nyumba nyingi bila wenyewe kukijua. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alifanikiwa kuichanganya kaboliki na formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, akapata utomvu unaogeuka kuwa mgumu kwa joto na usiolainika tena. Ukauita ulimwengu bakelaiti; simu nyeusi za mezani na maganda ya redio za zamani yalikuwa ya hiyo. Peke yake bakelaiti huvunjika kama sahani. Lakini miaka michache baadaye wahandisi wa kampuni ya Westinghouse, ya huko huko Marekani, waliulowesha utomvu huo katika karatasi na vitambaa, wakapanga tabaka juu ya tabaka, wakaziminya kwa nguvu kubwa katika joto. Kilichotoka wakakiita Micarta. Hakikukusudiwa visu hata kidogo. Kilikusudiwa umeme, kwa kuwa hakiupitishi, na hata leo bamba za kahawia zilizomo katika swichi kubwa za zamani ni za ukoo huo huo. Zilichongwa pia magurudumu ya meno ya mashine, yasiyopiga kelele kama ya chuma. Watengeneza visu walikuja kukiona baadaye, wakakipenda, na hawajakiacha.

Fundi aliyaeleza haya kwa mfano ambao tunauandika kama alivyousema, kwa kuwa hatukuupata bora. Plastiki ya ndoo, alisema, ni mshumaa: uupashe, utalainika, upoe, utaganda, mara mia. Utomvu huu ni yai. Likishachemka limechemka.

Basi kazi ya kitambaa ni nini? Hapo Baba Mkubwa ndiye aliyejibu, na jibu lake lilitoka mbali na vitabu. Yeye alikulia nyumba ya tembe. Wasomaji waliopita Ugogo na Urangi miaka ya nyuma wanazikumbuka nyumba zile za chini, zenye paa bapa lililofunikwa udongo, kuta za miti na fito zilizokandikwa. Udongo peke yake, alisema, ukikauka hupasuka na kumomonyoka. Fito peke yake hupitisha upepo na nyoka. Ukizifunga fito ukazikandika kwa udongo, ukuta husimama miaka na miaka: mvutano wote unachukuliwa na fito, na udongo unazishika fito zisiyumbe. "Huyo Mzungu wako amejenga tembe dogo," akamwambia fundi. Fundi alicheka, lakini alikubali kuwa hakuna la kuongeza. Tangu siku hiyo watoto wetu hukiita kile kisu cha kukunja "tembe la Babu".

Sifa zake kwa mtumiaji wa kisu ni hizi. Hakinyonyi maji ila kidogo sana, kwa hiyo hakivimbi Tanga wala hakinywei Dodoma. Hakioti ukungu, hakiliwi na mchwa wala dudu wa pembe. Kinachimbika kwa tupa na msasa wa kawaida. Na kina tabia moja ya ajabu: kile cha kitambaa kizito, kisiposuguliwa hadi kung'aa, kikilowa huushika mkono zaidi kuliko kikiwa kikavu, kwa kuwa ncha za nyuzi hubaki juu na kukwaruza ngozi kidogo. Mti uliopakwa vanishi hufanya kinyume chake. Mwenye kuchinja, ambaye mkono wake lazima ulowe damu na mafuta, aitafakari sifa hiyo moja kuliko zote.

Wako wanaosifu kingine kipya zaidi, G10, ambacho ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshikwa na gundi ya epoksi. Ni ndugu wa karibu wa zile bamba za kijani zilizomo ndani ya redio na televisheni. Ni kigumu zaidi na hakinyonyi maji takriban kabisa, lakini kikilainishwa huteleza, kwa hiyo lazima kichongwe mikwaruzo. Tena ni kizito, yapata gramu 1.8 kwa sentimita moja ya ujazo, ambapo kile cha kitambaa ni kama 1.4. Vumbi lake ni vumbi la kioo. Anayekikata bila barakoa na bila maji anajidhulumu mapafu.

Na mpingo? Tuliuliza, kwa kuwa Mtanzania hawezi kuzungumza mpini bila kuutaja mti wake wa taifa. Fundi aliutetea. Mpingo mkomavu ni mzito hata huzama majini, una mafuta yake wenyewe, na ukikaushwa polepole miaka kadhaa haubadiliki sana; ndiyo maana watengeneza zumari na klarineti wa Ulaya huufuata. Lakini ule wa kweli uliokauka vizuri ni wa shida na wa ghali, na mwingi unaouzwa mitaani kwa jina hilo ni mti mweupe uliopakwa rangi au plastiki nyeusi. Kitose kipande ndani ya maji. Kikielea, mwenye nacho arudishiwe.

Ukutani mwa karakana ile kilining'inia kijambia chakavu chenye mpini wa pembe ya nyati, kimeletwa kutengenezwa na mtu mwenye asili ya Yemeni. Pembe ilikuwa imepinda na kutobolewa na wadudu. Kijambia hicho kilitukumbusha jambo ambalo Waislamu hatuna budi kulitaja bila kujificha. Katika miaka ya 1970 na 1980, mali ilipoongezeka katika Rasi ya Arabuni, vijana wengi wa Yemeni walitaka majambia ya mpini wa pembe ya kifaru, na vifaru wa Afrika Mashariki, wa kwetu wakiwamo, waliuawa kwa wingi kwa ajili ya vipini hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mufti Mkuu wa Yemen alitoa fatwa kwamba kuwaua vifaru kwa ajili ya pembe kunapingana na mafundisho ya dini. Mafundi wa huko wakageukia pembe za nyati, na wengine vitu vya kutengenezwa. Mnyama mzima wa kilo elfu moja alikuwa akianguka kwa ajili ya kipande cha kushika mkononi. Mbele ya hilo, kitambaa na utomvu havionekani kuwa vitu duni.

(Msomaji mmoja atauliza kama mpini wa pembe au mfupa unaharamisha machinjo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuchinja kwa jino na kwa ukucha, yaani vitumike kukatia. Masheikh tuliowauliza hawakuona kuwa katazo hilo linaugusa mpini.)

Micarta yenyewe haiuzwi Dodoma. Fundi alisema angeweza kutengeneza kitu cha jamii yake kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya, na hakutuficha kuwa si kile kile: hakipikwi kwa joto kubwa, hakiminywi kwa tani, na jikoni kisiwekwe karibu na moto. Aliikataa ile rezini ya bei nafuu anayozibia bodi za daladala. Inanuka, hujikunja ikikauka, na huvunjika mapema. Kisha akauliza tumekuja na kitambaa gani. Tukatazamana. Kipya hakifai, alisema, kina wanga wa kiwandani unaozuia gundi isipenye. Alitaka kitambaa kizito cha pamba kilichofuliwa mara nyingi.

Baba Mkubwa alirudi nyumbani kwa bodaboda, jambo ambalo Mama Mkubwa amemkataza, akarudi na suruali ya kaki. Ilikuwa sare yake ya reli. Magotini ilikuwa imeisha, kwingine kote ilikuwa nzima.

Ilikatwa vipande 36 vya ukubwa wa kiganja. Kila kimoja kilipakwa gundi pande zote mbili kikalazwa juu ya mwenzake, katikati ya vibao viwili vilivyofunikwa nailoni, vikabanwa katika jiliwa hadi gundi ikatoka pembeni kama asali. Tuliambiwa turudi kesho. Usiku wa Juni Dodoma ni wa baridi, na baridi huichelewesha gundi hiyo, kwa hiyo asubuhi fundi aliupandisha mzigo mzima juu ya bati la karakana uote jua. Mtoto wetu aliketi chini yake akiulinda dhidi ya kunguru.

Siku ya pili ulikuwa ubao. Hatujui tueleze vipi. Ukiugonga ulilia kama mti mgumu, na mtu asingesema kuwa juzi ulikuwa nguo. Ulipasuliwa mabamba mawili, yakatobolewa, yakafungwa kwenye chuma kwa gundi na ribiti mpya, na fundi akaanza kuchonga kwa tupa akiwa amejifunga barakoa. Tupa ilipozunguka mbavuni, tabaka zilijitokeza moja moja, za hudhurungi na za manjano, zikiupinda mpini kama mistari ya vilima katika ramani za shule. Kila baada ya muda alimpa Baba Mkubwa akishike. "Hapa pananichoma." Alipunguza. "Hapa kidole kinatafuta pa kukaa." Aliongeza shimo. Mkono wa mzee haufumbiki sawasawa tangu jeraha, na mpini ukanenepeshwa upande wa gumba ili uufuate mkono. Mpini wa dukani hutengenezwa kwa mkono wa mtu ambaye hayupo.

Fundi alikataa kuung'arisha. Alitaka uzito wa nyuzi ubaki. Akatuonya usiguse nyama kabla gundi haijakomaa kabisa, kwa kadiri ya siku tano za jua, kisha uoshwe kwa sabuni na maji ya moto. Tulihesabu. Siku ya tano ilikuwa Idd yenyewe.

Tuliondoka Dodoma asubuhi ya kuamkia siku ya Arafa. Barabara ya Kondoa ni ya lami yote sasa. Ipo iliyo bora chache katika nchi hii. Inaupita Msalato na mnada wake, inapanda na kushuka katika vichaka vya miiba, mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, makundi ya ng'ombe yanayovuka bila haraka. Baba Mkubwa alikaa mbele. Ndevu zake na kucha zake zilikuwa zimerefuka, maana tangu mwezi ulipoandama hakuzigusa, kama afanyavyo anayekusudia kuchinja. Huo ulikuwa tangazo lake kwa ukoo, na kila aliyemwona alilielewa. Kisu kilikuwa juu ya dashibodi, kimefunuliwa, kinaota jua.

Haneti, Kelema, kisha Kondoa katika bonde lake, na miti ya kijani iliyokusanyika kwenye chemchemi. Mji huu ni wa zamani katika Uislamu wa bara. Misafara ya pwani iliufikia, na Warangi wengi waliupokea Uislamu wakaushika. Anayetaka kwenda mbele kidogo kaskazini atafika Kolo kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sisi safari hii hatukwenda. Tulifunga Arafa, tukafuturu kwa uji wa uwele, na usiku tuliwasikia vijana wa ukoo wakizungumza nje kwa sauti ya chini kuhusu nani atashika kisu.

Asubuhi baada ya swala walikuwa wameshamwandaa binamu. Alikuwa amesimama kando ya beberu, mikono ameikunja. Baba Mkubwa alipita katikati yao, akavua koti, akakunja mikono ya kanzu. Hakuuliza wala hakueleza. Mnyama akalazwa kwa ubavu wa kushoto, ameelekezwa kibla, na kisu kikatoka nyuma ya mgongo wa mzee mahali ambapo mnyama hakuweza kukiona.

Tuliutazama mkono, Allah atusamehe, kuliko tulivyomtazama mnyama. Bismillah, Allahu Akbar. Mkono ulikwenda mara moja na kurudi mara moja. Damu iliufunika mpini wote hadi kifundo, na kidole gumba kikabaki pale pale kilipochongewa pa kukaa. Beberu alitulia kabla vijana hawajakaza kamba. Mtume alitufundisha kuchinja kwa uzuri, kuyanoa makali na kumpumzisha mnyama. Hayo tulikuwa tumeyasikia katika hotuba saa moja tu iliyopita.

Binamu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiomba kisu akitazame. Alikizungusha, akaukwaruza mpini kwa ukucha, akauliza huo ni mti gani. Watoto wetu walimjibu wote kwa pamoja, na hakuwaamini hadi alipoonyeshwa nyuzi.

Baba Mkubwa aliketi kwenye kigoda akatoa kile cha kukunja, akaanza kumegua ini kwa ajili ya watoto. Fungu la maskini lilikuwa limekwisha kutengwa, fungu la majirani linapimwa. Mama Mkubwa alikuja na birika la maji ya moto, akaukosha mpini mpya kwa sabuni, akaunusa, akaugeuza juani. Kisha akauliza mguu wa pili wa suruali uko wapi, kwa kuwa kisu chake cha jikoni nacho kimelegea tangu mwezi wa Aprili na hakuna aliyemuuliza.